Nyundo Yenye Nakshi: Kwa Nini Urembo Wake Huanzia Motoni

Kipande cha chuma chenye upana wa milimita 40 kila upande na urefu wa milimita 80 kina uzito wa kilo 1 hivi. Ukikitoboa tundu na kukitia mpini, tayari una nyundo, na msumari utaingia. Lakini kipande hicho hicho, kikipita mikononi mwa mhunzi anayejua kazi, kinaweza kutoka na shingo iliyobanwa, mashavu yaliyotuna pande mbili za tundu, pande nane zinazometa kama jiwe la pete, mistari miwili iliyozunguka shingo na muhuri wa fundi ubavuni. Wengi wakiiona nyundo ya namna hiyo husema ni ya kuweka kwenye kabati la vioo. Wengine hudhani ni nyundo ya kawaida iliyopambwa baadaye, kama chungu kinavyopakwa rangi kikishaiva.

Dhana zote mbili zinatokana na kuamini kwamba umbo ni jambo moja na nakshi ni jambo jingine. Katika nyundo iliyofuliwa kwa mkono, mambo hayo hayatenganishiki. Karibu kila pambo unaloliona limezaliwa na hatua fulani ya kazi, na pambo lililolazimishwa mahali pasipo pake huirudisha nyundo kwenye rundo la vyuma chakavu. Ili jambo hili lieleweke, inabidi tukifuate kipande kile tangu kinapoingia motoni.

Kwanza tusimame kidogo kwenye neno lenyewe, maana wenyeji wa eneo letu waliheshimu nyundo zamani sana. Tunasema nyundo, Wanyarwanda na Warundi wanasema inyundo. Inyundo ya kale ya Maziwa Makuu haikuwa na mpini. Ilikuwa mche mzito wa chuma, mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, ulioshikwa kwa kiganja. Ukisimikwa, uligeuka kuwa fuawe, yaani chuma ambacho juu yake vyuma vingine hufuliwa. Mwaka 1969 wanaakiolojia walipofukua kaburi la Cyirima Rujugira, mfalme wa Rwanda wa karne ya 18, walikuta nyundo za chuma zimezikwa pamoja naye. Kwa Waluba wa kusini-mashariki mwa Kongo, wanawake walichomeka nyweleni pini ndogo za chuma zenye umbo la fuawe. Umbo la chombo cha mhunzi lilitosha kuwa pambo. Naliona wazo hilo kuwa sahihi hadi leo, hata kwa nyundo yenye mpini na mistari.

Sasa turudi kwenye kipande chetu.

Si kila chuma kinafaa. Kinachobadilisha tabia ya chuma ni kaboni, na kiasi chake ni kidogo mno. Nondo laini ya kufungia mageti ina kaboni chini ya asilimia 0.3, na hata ukiichovya kwenye maji ikiwa nyekundu haitakuwa ngumu kiasi cha kufaa. Nyundo inataka kati ya asilimia 0.4 na 0.6 hivi. Zaidi ya hapo inaweza kufaa, lakini kadiri kaboni inavyoongezeka ndivyo chuma kinavyokuwa mwepesi wa kuvunjika. Ndiyo maana mafundi wa jua kali hupenda vipande vya ekseli za magari: mara nyingi kaboni yake iko kwenye kipimo hicho, na unene wake unatosha. Springi za gari ni chuma kizuri sana kwa visu na mapanga, ila ni nyembamba mno kwa nyundo.

Chuma chakavu hakiji na cheti. Kwa hiyo fundi mwangalifu hukata kwanza kijipande cha ukubwa wa kidole, hukipasha hadi kiwe chekundu, hukichovya majini, kisha hukipitishia tupa. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, chuma kimekubali kukazwa. Ikikwaruza kwa urahisi, hakifai. Baada ya hapo hukivunja na kutazama chembe za ndani: zikiwa laini kama majivu ni vizuri, zikiwa kubwa kama chumvi ya mawe, moto ulizidi.

Hatua inayoamua kila kitu ni tundu la mpini, nami nitakaa hapa kwa muda.

Mtu mwenye keekee ya umeme anaweza kutoboa tundu hilo kwa dakika chache. Fikiria tundu la mviringo mrefu, milimita 30 kwa 20, linalopita kwenye unene wa milimita 40. Ukilitoboa kwa keekee, chuma chenye uzito wa gramu 150 hivi kinageuka kuwa vumbi na vipande sakafuni. Ukilitoboa kwa panchi chuma kikiwa na moto, unachopoteza ni kipande kidogo kama kitufe cha koti. Kwingine kote chuma hakikuondoka; kilisukumwa pembeni, na hapo pembeni ndipo yanapozaliwa mashavu. Ule mtuno unaoipa nyundo ya mhunzi sura yake ni chuma kilichohama kutoka kwenye tundu. Kwenye nyundo iliyotobolewa kwa keekee mashavu hayatokei, na ukiyataka itabidi uyachonge kwa kupunguza chuma mahali pengine.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Fundi hupima katikati ya kipande kikiwa baridi na kuweka alama ya kina kwa panchi ndogo, kwa sababu alama ya chaki haiuoni moto mara mbili. Hupasha chuma hadi rangi ya chungwa lililoiva kuelekea manjano, nyuzi joto 1,100 hivi. Akivuka hapo na kukiacha kifike weupe unaotoa cheche, chuma kinaungua, na kilichoungua hakirudi. Panchi yenye ncha ndefu na nyembamba huwekwa juu ya alama, na msaidizi hupiga kwa nyundo kubwa. Mapigo matatu au manne, panchi inatolewa na kupoozwa majini, maana ikikaa ndani inalainika na kunasa. Kabla ya kuirudisha, fundi hutia chembe za mkaa uliosagwa ndani ya tundu. Mkaa huo huungua na kutoa gesi inayoisukuma panchi isishikwe.

Panchi ikishazama zaidi ya nusu, chuma hugeuzwa. Hapa kuna jambo dogo ambalo sichoki kulitazama. Upande wa pili, ambao bado haujaguswa, linatokea doa jeusi katikati ya wekundu. Chuma kilichobanwa kati ya panchi na fuawe kimepoa haraka kuliko jirani zake, na kivuli chake kinamwonyesha fundi mahali hasa pa kuweka panchi. Doa hilo hudumu kwa muda mfupi sana. Ukilikosa, unapasha tena na kuanza upya. Ukikisia, matundu mawili hayakutani.

Yasipokutana vizuri, hasara yake inapimika. Kipande cha milimita 40 chenye tundu la milimita 20 kinabakiza milimita 10 kila shavu. Tundu likienda pembeni kwa milimita 2 tu, una shavu moja la milimita 8 na jingine la 12. Uzito umeegemea upande mmoja, na kila pigo linataka kuupinda mkono. Hakuna nakshi itakayoficha hilo. Jicho linaweza kudanganywa na mng'ao. Kifundo cha mkono hakidanganyiki.

Baada ya tundu kupenya, hupitishwa chuma cha kupanulia, chenye umbo la mpini na ncha iliyochongoka, kutoka juu na kisha kutoka chini. Kwa kuwa kinaingia kutoka pande zote mbili, tundu linabaki jembamba katikati na pana kwenye midomo, kama ngoma iliyobanwa kiunoni. Umbo hilo ndilo linaloshikilia kichwa: mpini unaingia kutoka chini, kabari inapigwa juu, mti unatanuka na kuujaza mdomo wa juu, na kichwa hakiwezi tena kuchomoka. Kisha chuma hicho cha kupanulia kikiwa bado ndani, fundi huyapiga mashavu ubavuni. Hayawezi kurudi ndani, kwa hiyo hurefuka kuelekea juu na chini, yakatoka kama masikio. Ukiuona mrefuko huo kwenye nyundo iliyokamilika utauita pambo. Kwa mpini, huo ni milimita kadhaa zaidi za mahali pa kushikilia.

Shingo nayo ina sababu yake. Pande zote mbili za tundu, fundi hukandamiza mifereji kwa chuma chenye ncha ya duara, ili moto na nyundo vinapofanya kazi kwenye uso, yaani ncha inayopiga, au kwenye mkia, yaani ncha ya pili, vikome hapo, visiliguse tundu alilolitaabikia. Mfereji ni mpaka kwanza. Ukishasawazishwa na kulainishwa, unageuka kuwa ile shingo nyembamba inayotenganisha mashavu na uso, na macho ya watu huenda hapo moja kwa moja.

Kuna pia pande nane. Fundi huanza na mraba na kuzipiga pembe zake nne hadi zilale. Mraba wa milimita 40 ukigeuzwa kuwa pembe nane zilizo sawa, kila upande unakuwa na milimita 16 na nusu hivi. Shingo ikibanwa hadi milimita 30, kila upande unabaki na milimita 12 na ushee. Namba hizi zina maana, kwa sababu mwanga hauna huruma: uso mmoja ukiwa mpana kwa milimita moja kuliko mwenzake, mstari wa mng'ao unapinda na jicho la mtu asiye fundi kabisa linaliona kosa bila kujua jina lake. Ndiyo maana umbo hupatikana kwa nyundo, lakini usahihi hupatikana kwa tupa, chuma kikiwa kimefungwa kwenye jiliwa, kwa saa nyingi za mkono kwenda na kurudi. Faida yake ya kikazi ni kwamba pembe kali za mraba zimeondoka, na pembe kali ndizo hubanduka kwanza zikigonga kitu kigumu.

Mpaka hapa pambo na kazi vimekwenda pamoja. Panapoanza hatari ni kwenye mistari, mihuri na michoro.

Umewahi kumwona muuza khanga akitenganisha doti? Anakata kidogo ukingoni kwa mkasi, kisha anachana kwa mikono, na kitambaa kinafuata mkato wote hadi mwisho. Bila mkato ule angevuta hadi achoke. Chuma kigumu kina tabia hiyo hiyo. Mfereji wenye sakafu kali kama herufi V hukusanya mkazo wote mahali pamoja, na mkazo mkubwa kuliko wote ambao nyundo itaupata haupo kwenye kupiga. Upo siku ya kuchovya majini, pale nje inapopoa na ndani bado ni moto.

Nilijifunza hili kwa nyundo yangu ya kwanza. Nilikuwa nimemaliza umbo, nikakosa subira, nikachukua grenda yenye kisahani chembamba na kuizungushia shingo mistari miwili safi, iliyonyooka. Ilipendeza kweli. Nilipoichovya, ikatoka sauti moja ndogo, "ti!", kama glasi inayopasuka ndani ya kabati. Niliitoa, nikaifuta, na ufa ulikuwa umefuata mstari wa pili karibu nusu ya shingo. Mzee aliyekuwa akinifundisha hakunigombeza. Alikipitisha kidole kwenye ufa na kusema, "Mwanangu, umeichora pale ulipotaka ipasukie."

Kwa hiyo mistari hupigwa chuma kikiwa na moto, kwa tindo ambayo ncha yake imeviringishwa, ili sakafu ya mfereji iwe ya duara na mkazo usambae. Kina cha milimita 1 kinatosha. Kivuli chake ndicho kinachoonekana. Mistari haikaribii ukingo wa uso unaopiga, na haikati shavu kwa upana, kwa sababu shavu ndilo jembamba kuliko sehemu zote na ndilo linalobeba mpini. Muhuri wa fundi huwekwa ubavuni, kwenye nyama nene, katika moto wa mwisho, kwa pigo moja. Pigo la pili daima huacha kivuli cha la kwanza. Mwenye kutaka kupachika uzi wa shaba nyekundu hulifanya hilo baada ya kukaza, chuma kikiwa baridi: huchonga mfereji mfupi uliopanuka kidogo chini, huipiga shaba ndani yake, nayo kwa ulaini wake hujaa na kujifunga.

Kabla ya kukaza kuna hatua isiyoonekana, na wengi huiruka kwa sababu haileti sura yoyote. Kufua kwa joto kali hukuza chembe za ndani ya chuma. Ili zirudi kuwa ndogo, kipande hupashwa hadi wekundu wa wastani na kuachwa kipoe chenyewe hewani, mara tatu. Nyundo iliyopitia hatua hii huvumilia maji vizuri zaidi.

Ndipo linafuata lile tendo ambalo wazee waliliita kutia pua, yaani kukikaza chuma kiwe kigumu. Chuma hupashwa taratibu. Kwenye rangi ya damu ya mzee bado sumaku inakishika. Kikifika nyuzi joto 770 sumaku inakiachia ghafla, na hiyo ni alama bora kuliko jicho, hasa mchana kwenye jua ambapo rangi hudanganya. Fundi huongeza joto kidogo zaidi ya hapo, hadi nyuzi 830 hivi. Kwenye joto hilo kaboni imeyeyukia ndani ya chuma kama sukari ndani ya chai. Kikipoa polepole, kaboni inajitenga tena na chuma kinabaki laini. Kikipozwa ghafla, kaboni inanaswa mahali ilipo, mpangilio wa ndani unajikunja kuizunguka, na chuma kinakuwa kigumu sana na chepesi kuvunjika. Ekseli ya kawaida hukubali maji. Chuma chenye mchanganyiko wa kromi hutaka mafuta, maana maji hukipasua.

Nyundo nzima haitakiwi kuwa ngumu. Zinazokazwa ni ncha mbili tu, uso na mkia, na tundu linaachwa laini ili linywe mshtuko. Kuna mtego mwingine: ukiuchovya uso kwenye ndoo ukiutazamisha chini, mvuke unajikusanya chini yake kama mto na katikati ya uso hakupoi vizuri. Unapata ukingo mgumu na kitovu laini, kinyume kabisa cha unachotaka. Suluhisho ni kuugeuza uso juu na kuumwagia maji mengi kutoka juu bila kukatiza, yausukume mvuke uondoke.

Sasa nyundo ni ngumu kupita kiasi. Ikiangushwa sakafuni inaweza kubanduka. Inabidi ilegezwe, na hapa ndipo chuma kinapojichora chenyewe.

Fundi huzisugua pande zote kwa msasa hadi zing'ae. Kisha hupasha chuma kinene hadi kiwe chekundu na kukipitisha kwenye tundu la mpini. Joto linaanza kutembea kutoka katikati kwenda kwenye ncha mbili, na juu ya mng'ao unaanza kuona utando wa rangi ukisogea mbele yake: kwanza rangi ya nyasi kavu, kwenye nyuzi 220 hivi, nyuma yake kahawia, 250, kisha zambarau, 275, kisha buluu, karibu 300. Hakuna rangi iliyopakwa hapo. Ni ngozi nyembamba mno ya kutu ya joto, na kadiri inavyonenepa ndivyo mwanga unavyorudi machoni kwa rangi nyingine, kama tone la mafuta ya gari lililotandaa juu ya dimbwi barabarani. Rangi hizo ni kipimajoto. Nyasi kavu inapoanza kugeuka kahawia kwenye uso, fundi huichovya nyundo na safari inakoma papo hapo. Uso umebaki mgumu kiasi cha kuhimili kazi bila kubanduka, shingo ni zambarau, mashavu ni buluu, na kila rangi iko mahali ambapo ugumu wake unahitajika. Ninaamini hilo ndilo pambo zuri kuliko yote kwenye nyundo, kwa sababu ukilisoma linakueleza ukweli wa ndani ya chuma.

Kiasi gani cha weusi wa moto kiachwe ni hiari ya fundi. Wengine husugua kila mahali hadi nyundo iwe kama kioo. Mimi napenda mashavu yabaki na ngozi nyeusi ya jikoni, yakasuguliwa kwa brashi ya waya na kupakwa nta ya nyuki chuma kikiwa na uvuguvugu, huku uso, mkia na kingo za zile pande nane ziking'aa. Weusi unaubeba mng'ao.

Mpini hauhitaji maneno mengi. Ulaya hutumia zaidi mti wa ash, Marekani hickory. Kwetu tawi lililonyooka la mpera uliokaushwa vizuri hufanya kazi nzuri. La kuangalia ni mistari ya ukuaji wa mti: ifuate mwelekeo wa pigo, isiukate.

Nyundo yangu ya pili ina mistari miwili shingoni, mahali pale pale nilipoikata ile ya kwanza kwa grenda. Safari hii niliipiga kwa tindo yenye ncha ya duara, chuma kikiwa na rangi ya chungwa, na ilipoingia majini nilisimama nikisikiliza. Haikutoa sauti zaidi ya mchemko. Buluu ya mashavu imekwisha kufutika kwa jasho la mikono, kahawia ya uso iliondoka wiki ya kwanza, na mistari ingalipo.